Bwana Wastani Ahamia Kijijini

Nesi alikuwa anachemsha mikasi kwenye jiko la mafuta ya taa wakati maofisa wa takwimu walipofika. Kijiji kilikuwa kimebaki na watu kumi na tisa. Vijana walikuwa wamekwenda mjini, wazee wamekwenda makaburini, na sheria ilikuwa wazi: penye watu wasiofika ishirini, zahanati inafungwa.

Wanakijiji walilijua hilo mapema, na kwa akili zao nyingi wakamwendea tajiri mwenye machimbo ya mawe. Alikuwa na nyumba kilimani, alikolala kila alipogombana na mkewe wa mjini. Wakamwomba ahesabiwe kwao. Aliyepiga magoti mbele ya wote alikuwa mama mmoja mponda kokoto, ambaye mkwe wake alikuwa na mimba ya kwanza na miguu iliyovimba. Tajiri akakubali, maana kuhesabiwa ni bure.

Maofisa wakapata watu ishirini. Kisha wakajumlisha vipato, mali na watoto wa wote, wakagawanya. Jibu lilipopatikana, mlango wa nyuma wa gari lao ulifunguka, akashuka Bwana Wastani.

Alikuwa mtu wa makamo, mwenye meno kamili na viatu vya ngozi. Nyuma yake walishuka mkewe, watoto wawili, na miguu ya mtoto wa tatu, kuanzia magotini kwenda chini, ikiwa na soksi safi. Wanakijiji waliwapokea mizigo. Nesi aliipima ile miguu, akasema haina tatizo. Nyumba tupu zilikuwa tele, wakachagua yenye kibaraza.

Tangu hapo maofisa walizungumza na Bwana Wastani peke yake. Wakamuuliza kama kijiji kinahitaji zahanati.

"Sisi hali yetu nzuri tu," alijibu, wala hakudanganya. Yake ilikuwa nzuri. "Tukiugua tunakwenda hospitali kubwa kwa gari."

Zahanati ikafungwa. Nesi alipohamishwa, Bwana Wastani alinenepa kidogo, kwa kuwa mali ileile sasa iligawanywa kwa watu wachache zaidi.

Mponda kokoto akamfuata ofisa mkuu. "Baba, mkwe wangu yuko karibu kujifungua. Nakuomba uje umtazame tu."

"Mama, wewe si maskini. Kipato chako kile pale." Akamwonyesha Bwana Wastani, aliyekuwa anakula kuku kibarazani.

"Mbona mfukoni sikioni?"

"Ya mfukoni ni mambo binafsi. Sisi tunashughulika na jumla."

Ofisa huyu alikuwa na shahada mbili, na mtu wa namna hiyo akishapata jibu, macho anayabeba kama pambo. Alipanda gari akaenda zake.

Uchungu ulianza asubuhi. Mponda kokoto alikimbilia kwa Bwana Wastani kuomba gari, naye akampa ufunguo papo hapo, maana mchoyo hakuwa. Lakini tajiri ndiye pekee aliyekuwa na magari, mawili, na hayo nayo yalikuwa yamegawanywa kwa wote. Gari la Bwana Wastani lilikuwa usukani, honi na tairi moja. Tajiri mwenyewe alikuwa mjini, amepatana na mkewe.

Wakambeba binti wa watu kwa kitanda. Alikata roho kabla ya kufika barabara kuu, mtoto akiwa bado tumboni. Mama mkwe alilia hadi sauti ikamkauka.

Mazishini, udongo ulipokuwa unarudishwa, vifungo vya shati la Bwana Wastani vilianza kukatika. Alinenepa mbele ya watu, bila haraka. Wanaume wawili wakamletea benchi, kwa kuwa kiti kilikuwa hakimtoshi tena. Tajiri alituma salamu. Ofisa mkuu alikuja na suti nyeusi, akalitazama lile tumbo kwa kuridhika, kisha akampa mama mkono.

"Pole sana, mama," akasema. "Na hongera. Kipato chako kimepanda."

"Ahsante, baba," akajibu mponda kokoto, akamsogezea kiti.