Jasho Chini ya Nailoni

Mtaa mzima ulimwita Fundi Timazi, kwa ile kamba ya kupimia wima wa ukuta, na jina hilo lilimkaa kama kofia iliyoshonwa kwa kipimo cha kichwa chake. Hakuwahi kujenga ukuta ulioinama, wala hakuwahi kukubali kwamba yeye mwenyewe ameinama. Alikuwa amestaafu ujenzi, lakini akipita penye nyumba inayopandishwa alisimama, akafumba jicho moja, na mafundi wa pale wakaanza kukohoa bila homa.

Ua wake wa mbele ndio uliomponza. Zege la zamani lilikuwa limeliwa na hali ya hewa. Mvua ililowesha, jua likachoma, mvua ikarudi, mpaka uso wake ukawa unamenyuka kama ngozi ya mgonjwa wa surua. Mkewe alikuwa akifagia kila asubuhi, na kila asubuhi akizoa mchanga kutoka kwenye kitu kilichoitwa sakafu. Timazi akalibomoa, akamwaga jipya kwa mikono yake, akalilainisha kwa mwiko hadi macho yakawa yanateleza juu yake. Safari hii aliapa halitaliwa. Ndipo akamwita mkwewe.

Huyu mkwe, mume wa binti yake wa pekee, alikuwa ametoka kuacha kazi katika duka la rangi ili ajitegemee. Kazi aliyoichagua ni kupaka zege la nje dawa ya kuliziba, ile inayofanana na maziwa ikiwa ndani ya ndoo, na ikikauka inakuwa utando mwangavu usiopitisha maji. Ua wa baba mkwe ungekuwa kazi yake ya kwanza ya kuonyesha watu. Ng'ambo ya barabara aliishi Mama Pacha, mwenye ua mpana kuliko nyua zote za mtaa na mdomo mpana kuliko ua wake. Alikwishamwambia kijana mbele ya kila mtu, "Nikiona kwa Timazi pametulia, kwangu unaanza kesho yake. Na dada zangu wote nitawaambia."

Kijana alikuja na ndoo zake, akachuchumaa, akaligonga zege kwa kifundo cha kidole.

"Baba, mvua ya juzi bado imo humu ndani," alisema. "Tulaze kipande cha nailoni, kingo zote tuzibane kwa utepe wa gundi. Asubuhi tukikuta jasho chini yake, tunasubiri. Ukiyafungia maji ndani, dawa inageuka nyeupe na kuvimba malengelenge."

Timazi alipiga goti, akaweka kiganja sakafuni kama daktari anayepima homa. "Kiganja hiki kimeshika zege tangu mama yako hajajua kama atakuzaa. Limekauka."

"Sibishi, baba. Ni utaratibu tu."

"Utaratibu ni mimi."

Mkewe akacheka kutoka mlangoni. "Mwache aweke nailoni yake, mzee wangu. Kiganja chako hicho hata chumvi ya mboga hakijui kuipima."

Wote wakacheka. Timazi naye alicheka, kwa meno tu.

Asubuhi aliwahi kutoka kabla mkwewe hajafika. Akainama, akabandua upande mmoja wa nailoni. Matone yalikuwa yamejipanga chini yake, manene, mengine yakitiririka, na zege lililofunikwa lilikuwa limekolea weusi. Alilitazama doa lile kwa muda mrefu. Alichotakiwa kufanya kilikuwa kidogo sana: kukaa, kumngoja kijana, na kusema, "Ulisema kweli." Maneno mawili. Lakini aliyasikia maneno hayo yakitoka mdomoni mwake, akamsikia mkewe akicheka pale mlangoni, na shingo yake ikakataa kupinda.

Akavua shati. Akaipangusa nailoni yote, upande na upande. Akaliacha zege wazi juani mpaka weusi ukafifia, kisha akairudisha nailoni mahali pake na kukandamiza utepe kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayefunga jeraha.

Mkwewe alipofika alimkuta anakunywa chai. Kijana akabandua nailoni, akaigeuza, akapitisha vidole chini yake. Kavu.

"Kumbe ulikuwa sahihi, baba. Nisamehe."

"Ndiyo faida ya kula chumvi nyingi," alijibu Timazi.

Dawa ikapakwa siku hiyohiyo. Kwa muda mfupi ua uling'aa kama umelowa, watu wakapita wakiusifu. Kisha mawingu meupe yakaanza kujitokeza ndani ya ule mng'ao. Yakafuata malengelenge, na malengelenge yakapasuka, na kila aliyekanyaga akaondoka na magamba kwenye soli za viatu. Sakafu ilikuwa mbaya kuliko ile iliyobomolewa.

Mama Pacha hakuhitaji kuitwa. Alivuka barabara na kumkuta kijana amepiga magoti akichunguza magamba, binti wa Timazi amesimama nyuma ya mumewe, na Timazi mwenyewe amekaa kwenye kiti chake na kikombe mkononi.

"Hiki ndicho ulichotaka kuja kunifanyia mimi?"

"Sijui nimekosea wapi, mama. Labda sikukoroga vizuri."

"Labda! Mtu na kazi yake anasema labda? Tapeli wewe. Umemharibia mzee wa watu ua wake, na bado una uso wa kuitwa mkwe. Kwangu usikanyage."

Kijana alimtazama baba mkwe wake. Halikuwa jicho la kushtaki. Lilikuwa jicho la kuomba msaada, kama mtoto aliyepotea sokoni anavyomtazama mtu mzima wa kwanza anayemwona. Timazi alifungua mdomo. Akautia chai.

Tangu siku hiyo watu walianza kumsifu. "Mzee una moyo," walimwambia. "Mwingine angekuwa ameshamtimua." Kila sifa ilimchoma kama msumari. Akaacha kukaa nje. Akaacha hata kusimama penye nyumba zinazojengwa. Akiona mafundi alivuka upande wa pili wa njia akiwa ameinamisha macho.

Jioni moja mkewe alirudi kutoka kwa binti yao, akaketi bila kuvua mtandio.

"Yule kijana atakwisha," alisema. "Ameokota vipande vya matofali, anavipaka dawa, anaviacha, anavipaka tena. Hali chakula. Amekwenda kuomba arudishwe dukani. Anasema alidhani anaijua kazi, kumbe haijui."

Timazi alihisi jasho jembamba likimtoka. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa maradhi yalikuwa yake na kifo kilikuwa kinamwendea mwingine. Akamweleza mkewe yote, akitazama ukuta. Mkewe akavua mtandio. Kisha akasema, "Usinieleze mimi. Mimi sikumwita mtu tapeli."

Kesho yake alimkuta Mama Pacha akianika nguo.

"Nimekuja kukuambia kwamba ua umeharibika kwa sababu yangu, si ya mkwe wangu."

Mama Pacha alicheka huku akibana shuka. "Fundi, unamfichia. Wewe kweli ni baba mkwe wa dhahabu."

"Simfichii. Zege lilikuwa bichi. Nailoni ilikuwa na maji. Nikaipangusa kwa shati langu, nikalikausha doa juani, nikairudisha ili asijue."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilikwishasema limekauka."

Mikono ya Mama Pacha ikatulia kwenye kamba.

"Siku ile nilipokuja, ulikuwa umekaa pale."

"Nilikuwepo."

"Unakunywa chai."

"Nakunywa chai."

"Ukaniacha nimwite kijana wa watu tapeli mbele ya mke wake." Aliiangusha shuka ndani ya beseni. "Twende."

"Wapi?"

"Unadhani nitakwenda kuomba radhi peke yangu kwa uchafu wako? Tangulia."

Walimkuta kijana amechuchumaa nyuma ya nyumba yake, katikati ya vipande vya matofali, vingine vyeupe, vingine vyenye mng'ao mzuri. Timazi alisema yote akiwa amesimama, maana hakukaribishwa kiti na asingethubutu kukaa. Alipomaliza, kijana aliendelea kuvitazama vipande vyake.

"Lilikuwa jasho jingi?" aliuliza.

"Jingi. Lilikuwa linatiririka."

Kijana akatikisa kichwa polepole. "Nimekaa hapa nikijiuliza kama mikono yangu ina laana."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nitakusamehe, baba. Leo bado."

Mama Pacha naye aliomba radhi, kwa sauti ndogo ambayo mtaa haukujua kwamba anayo, akamsihi aje kwake wiki hiyohiyo. Kijana alikubali. Kisha akamgeukia Timazi bila kumtazama usoni. "Ule wa kwako lazima ukwanguliwe wote, mpaka zege libaki uchi. Mimi sitaukwangua."

Kwa hiyo Timazi alipiga magoti uani kwake mchana kweupe, brashi ya waya mkononi, mgongo ukilalamika. Wapita njia walisimama.

"Pole, mzee. Mkwe amekutia kazini."

Angeweza kuitikia tu pole ile na kuendelea. Alinyoosha mgongo. "Si mkwe. Niliacha zege bichi lizibwe, na nilijua ni bichi."

Mmoja alicheka akidhani ni utani. Mwingine alitazama chini na kuondoka haraka, kama aliyemkuta mtu anaoga. Wa tatu alikuwa kiziwi kidogo, ikabidi Timazi arudie kwa sauti, na kwa sauti ile wakasikia waliokuwa mbali. Ng'ambo ya barabara, katika ua wa Mama Pacha, mkwewe alikuwa akifagia sakafu kwa ajili ya kazi. Alisikia pia. Hakugeuka.