Pua ya Mfungua Chaza

Kwa miaka ishirini na miwili mfungua chaza wa hoteli alikuwa na utaratibu mmoja. Kila chaza alimnusa kabla ya kumlaza kwenye barafu, na sahani ikijaa aligonga meza mara moja kwa mpini wa kisu. Mhudumu asiposikia mlio huo hakuigusa sahani. Wenzake walimwita Pua. Hakuna mgeni aliyewahi kuugua kwa mkono wake.

Kisha ikaja homa iliyomlaza wiki tatu, na ilipoondoka iliondoka na uwezo wake wa kunusa. Alijipima kwa makini: kitunguu, siki, mafuta ya taa, soksi zake mwenyewe. Hakusikia harufu yoyote. Hakumwambia mtu. Ijumaa moja mkewe alirudi kutoka sokoni, akaingia jikoni mbio na kulifunga jiko la gesi lililokuwa likivuja, na mumewe ameketi hatua mbili tu kutoka hapo na gazeti mkononi. Alisingizia usingizi.

Jumapili iliyofuata, mchana, shemeji yake alikuwa mezani. Alikuwa kaka wa mkewe, na pia mpishi mkuu wa hoteli. Alileta dazeni mbili za chaza kikapuni, chini ya gunia lililoloweshwa, na hakuficha kilichomleta: alitaka kuona kama mgonjwa anaweza kurudi kazini kesho. Kama hawezi, kisu angepewa mtu mwingine.

"Shemeji, umekonda mpaka kisu kinakuzidi unene," alisema. "Huko kitandani ulikuwa unafungua nini, mito?"

"Nilikuwa nafungua macho. Nikikukumbuka wewe, nayafumba tena."

"Mmeshaanza," alisema mke, akikata ndimu. "Kaka, sogea, utarukiwa na maji."

Mfungua chaza alisugua maganda kwa brashi chini ya bomba. Chaza wawili walikuwa wameachama. Aliwagonga kwa ukucha. Mmoja akajifunga, wa pili akabaki vilevile; alikuwa amekufa, akatupwa. Alikunja taulo kiganjani, akamlaza chaza wa kwanza, ubapa juu, bawaba ikimwelekea. Aliingiza ncha ya kisu, akazungusha kifundo cha mkono, na ganda likaachia kwa mlio mdogo mkavu. Alifuta kisu, akakata msuli juu, akaondoa kifuniko, akakata chini bila kumwaga maji. Kisha akampeleka puani, akavuta pumzi na kuitikia kwa kichwa. Alichosikia ni ubaridi tu.

Mikono haikusahau kitu. Shemeji aliacha utani, akawa anatazama.

Wa kumi na moja alikuwa mwepesi kidogo. Alikuwa amejifunga, lakini chaza aliyekaa chini kikapuni, hata akifa, ganda lake hubanwa na uzito wa wenzake. Maji yake yalikuwa machache, ila nyama iling'aa. Siku zote shaka ya namna hiyo iliamuliwa na pua. Kumtupa tu kungetosha, lakini shemeji angemchukua amnuse, aone kosa liko wapi. Na kama halipo, angejua kwamba pua haifanyi kazi. Mfungua chaza alivuta pumzi, akasubiri kama mtu anayeongea kwenye simu iliyokatika, akamlaza kwenye barafu. Wa kumi na mbili akafuata. Akagonga meza.

Shemeji alimkamulia ndimu chaza wa kwanza, akammeza, akafumba macho. "Kesho saa nne asubuhi, Pua. Usichelewe."

Walikula. Kwa mfungua chaza ilikuwa chumvi na baridi, basi. Aliona mkono wa shemeji ukienda kwa yule mwepesi, na hakuuzuia. Shemeji alikuwa akimgeukia mfungua chaza amwambie jambo, ganda likiwa njiani kwenda mdomoni, mke alipomshika kiganja.

"Huyo wangu, kaka. Wewe una tumbo la kutosha."

Alimchukua yule chaza, akamweka pembeni ya sahani yake, akamfunika kwa kitambaa. Hakumtazama mumewe. Hilo ndilo lililomwambia kila kitu: mkewe ameshajua, naye angenyamaza mpaka kaburini.

Kesho jioni ukumbini mwa hoteli kungekuwa na wageni themanini, na hakuna hata mmoja atakayekuja na mke wa namna hii.

"Ananuka?" mfungua chaza alimuuliza mkewe.

"Kula, baba."

"Nimekuuliza, ananuka?"

Mke alikiangalia kitambaa. "Sana."

Shemeji alikifunua, akainama, akarudisha kichwa nyuma haraka. Hakutania. "Tangu lini?"

"Tangu homa."

"Na ile gesi," alisema mke polepole. "Hukuwa umelala."

"Sikuwa nimelala."

Mfungua chaza alikifuta kisu pande zote mbili, akakisukuma mezani, mpini mbele, mpaka kwa shemeji. Sahani ilikuwa na chaza wanne bado. Shemeji aliwainua mmoja mmoja, akawanusa taratibu, kama mtu anayesoma barua isiyo yake. Alipomaliza alishika kisu, lakini mkono ukabaki hewani.

"Wazima?" aliuliza mfungua chaza.

"Wazima."

"Basi gonga. Usipogonga, hawaliwi."

Shemeji aligonga, kwa nguvu mno. Barafu ilikuwa imeanza kuwa maji.