Hakuna Mutu Alimugusa

Katika maisha yangu nimewahi kumsaidia mtu mgeni mara moja tu, na kwa kosa hilo nilishtakiwa.

Aliitwa Royd. Mimi ni Méschac, mkimbizi kutoka Kongo, nabeba abiria kwa baiskeli hapa Nchelenge, kando ya ziwa Mweru. Nilimkuta Royd mtaroni, amelewa chakari, mguu umevunjika. Nikampakia, nikamfunga kiunoni kwangu kwa kitenge asianguke, nikamfikisha kliniki. Hapo ndipo nilipokosea. Mtu mwenye akili zake angemwacha alale.

Wiki iliyofuata kaka yake, Kalumba, akanipeleka kortini akidai mimi ndiye niliyemgonga. Ushahidi alikuwa nao mmoja tu, na alitembea nao kifua mbele. Aliutoa kwa Kiswahili chake cha sokoni, nisije nikasema sikuelewa.

"Kama haukumugonga, juu ya nini ulimubeba?"

Nilijibu kwamba nilimwonea huruma. Watu wakacheka. Huruma, asubuhi ya siku ya kazi, kwa mtu ambaye hata jina lake hulijui! Ilionekana wazi kwamba nilikuwa naficha kitu.

Tuliitwa kortini mara sita. Baiskeli yangu ilizuiliwa kama kielelezo, nami nikawa natoka kambini kwa miguu kuja kusikia kwamba kesi imeahirishwa. Mwishowe nilishinda. Haki ilitendeka kabisa: nilirudishiwa baiskeli yangu bila pedali.

Tangu hapo nikawa mwalimu. Pale Kashikishi, karibu na soko la samaki tunakosubiri abiria, niliwafundisha wenzangu bila kuchoka. Mtu akianguka mbele yako, mzunguke. Ukishindwa kumzunguka, simama mbali, mikono yako ionekane. Na akikuita, tazama ziwa. Walinisikiliza kuliko wanavyomsikiliza pasta. Jairos, mwenzangu wa baiskeli, alilikariri somo lile kama Baba Yetu, akawa anawafundisha hata wauza mihogo.

Mwezi wa kumi, jua likichoma, mke wangu Pierrette alikwenda Kashikishi kununua chisense, dagaa wetu wa Mweru. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimi nilikuwa mbali, kwenye barabara ya kwenda Chienge, na gunia la unga nyuma yangu. Simu ikalia. Alikuwa Jairos, na sauti yake ilikuwa tulivu, sauti ya mtu aliyefaulu mtihani.

"Bibi yako ameanguka hapa, damu inatoka. Lakini usiogope, ndugu yangu. Hakuna mutu alimugusa."

Nililitupa gunia palepale. Sijui nilipigaje zile pedali nilizonunua baada ya kesi. Njia nzima nilikuwa nalia na kumtukana Jairos, kisha nakumbuka ni nani aliyemfundisha, namtukana na huyo.

Nilipofika, Pierrette hakuwapo. Palikuwa na beseni lake, ndala moja, dagaa waliomwagika mchangani, na watu kama kumi na wawili waliosimama mbali, mikono imekunjwa kifuani, yote ikionekana. Wanafunzi wangu wote walikuwepo. Mmoja alikuwa amepiga hata video, ili korti ione vizuri jinsi ambavyo hakufanya lolote. Jairos akanieleza kwamba mama mmoja mgeni, aliyeshuka kwenye gari lililotoka Puta, ndiye aliyembeba mgongoni na kumpeleka kliniki. Alisema kwa huruma kidogo, kwa kuwa yule mama hakujua alikuwa anajitia kwenye matatizo gani.

Kliniki nilimkuta Pierrette kitandani, amelala, dripu mkononi. Kwenye benchi la nje alikaa mwanamke wa makamo, miguu yake ina vumbi, kitenge chake kimelowa damu ya mke wangu tangu mgongoni hadi magotini. Aliponiona alisimama, kama mtu aliyekuwa ananingoja mimi tu.

Nilifungua kinywa nimshukuru. Naapa ndicho nilichotaka. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye ile damu, na kilichotoka kilikuwa kingine.

"Kama haukumufanya kitu, juu ya nini ulimubeba?"

Hakukasirika, na heri angekasirika.

"Alikuwa chini, tata," alisema, akiniita baba kwa heshima. Kisha akalitazama lile kundi la Kashikishi, ambalo lilikuwa limenifuata hadi getini na kusimama hapo, mikono kifuani. "Basi nimejua. Mara ingine nitapita."

Alichukua mfuko wake. Nilitaka kumfuata, lakini nesi akaniita ndani. Alisema moyo wa mtoto unapiga, na kwamba kama mgonjwa angechelewa kuletwa, tungekuwa tunaongea mengine. Nikakaa sakafuni na kulia kama mtoto mdogo. Nilipotoka nje tena benchi lilikuwa tupu, na kwenye bomba la uani maji mekundu yalikuwa bado hayajakauka kwenye saruji.

Jioni Pierrette alifumbua macho. Kabla hajauliza habari za mtoto, kabla hajaniuliza mimi, alitaka kujua yule mama yuko wapi, maana ndiye aliyekuwa anamwimbia njia nzima ili asilale.

Nilimwambia ameenda. Akaniuliza jina lake. Sikulijua.