Mizunguko Saba ya Tasbihi

Mwezi mzima wa Ramadhani Idman hakukimbia. Alifunga, akasaidia kukaanga sambusa, na viatu vyake vya mbio vikakaa juu ya kabati. Siku ya tatu baada ya Idi, alipomaliza kuswali alfajiri, alivaa suruali ya michezo chini ya dera, akafunga mtandio vizuri, akasimama mlangoni.

"Hooyo, uko tayari?"

"Niko tayari, hooyo," akajibu Bishara, maana kwao mama na mtoto huitana kwa neno hilo moja.

Bishara alikaa kwenye mkeka nje ya ua, tasbihi mkononi. Ndiyo ilikuwa saa yao. Tangu simu ya Idman itumbukie mtoni, mama ndiye aliyempimia mbio, kutoka ua wao hadi kwenye pampu ya mashamba kando ya Tana, na kurudi. Subhanallah moja, punje moja. Kabla ya mfungo Idman alikuwa akirudi tasbihi imezunguka mara saba. Saba kamili.

Akaondoka. Vumbi lilikuwa bado limelala. Mto ulitoa ukungu mwembamba uliotanda juu ya migomba, na ndani yake twiga wawili walisimama bila miguu, shingo tu, kama picha ambayo mchoraji aliiacha katikati akaenda zake. Idman akapita karibu yao, hakusikika. Dera lilijaa upepo, na machoni pa mamake alionekana anapelekwa tu, kama nguo iliyong'oka kambani.

Tasbihi ikazunguka mara saba. Njia tupu. Mara nane. Ya tisa ilikuwa inakwisha alipofika.

"Ngapi?"

Bishara hakuzoea kusema uongo. "Tisa."

"Tisa!" Idman akachutama. "Lakini nilijisikia mwepesi, wallahi. Kama sigusi chini."

"Ndiyo tisa, hooyo."

Kesho yake, tisa. Kesho kutwa, tisa na punje kumi.

"Mwalimu anapeleka majina ya mbio za kaunti leo adhuhuri," Idman alisema asubuhi hiyo ya tatu. "Nitamwambia aniondoe. Nije wa mwisho mbele ya Garissa nzima? Wasichana wa Balambala watanicheka mpaka wafike kwao."

"Mwaka ujao hutakuwa shuleni. Hakuna mbio zingine."

"Najua." Akaingia ndani kuoga.

Jirani yao Kaaha alikuja na jagi la maziwa ya ngamia. Wakakaa wanawake wawili kusoma nyiradi zao kwa sauti, kama kawaida yao. Katikati Kaaha akanyamaza, akamtazama mwenzake.

"Abaayo, dada yangu, unakimbizwa na nani?"

"Vipi?"

"Mimi niko ishirini na tano, wewe umeshafika thelathini na tatu. Unameza maneno kama dawa chungu! Malaika anayeandika atakuomba urudie."

Bishara alitaka kucheka, mkono ukamfia juu ya punje.

Ramadhani ile alikuwa ameweka nia, subhanallah laki moja kabla ya Idi, thawabu zake zimfikie marehemu mumewe, Kerrow. Kumi la mwisho likamkuta bado yuko mbali, akaharakisha. Akipika, akifagia, ulimi mbio. Idi ilifika, laki ikatimia, na ulimi haukuambiwa usimame. Kumbe mtoto alikuwa amepumzika, aliyekuwa mazoezini ni mama.

Aliona haya. Kwanza kwa Mola wake, kwa maneno aliyoyatupa kama maganda. Kisha kwa binti yake, ambaye alikuwa ameshavaa sare na kushika begi.

"Hooyo, ngoja. Hukupungua wewe. Ulimi wangu ndio umeongeza mwendo." Akamweleza yote, hata lile la laki moja.

"Unanibembeleza tu."

"Nimewahi kukubembeleza?"

Idman akafikiri. "Hapana."

"Basi vua sare. Kimbia."

"Jua limeshatoka!"

"Kimbia nalo."

Safari hii Bishara alilitamka kila neno mpaka mwisho wake. Yalikuwa na ladha, maneno yale, alikuwa ameisahau. Ukungu ulikuwa umekwisha, mto umebaki na rangi ya chai ya maziwa, na mwangaza ulitetemeka juu ya njia hata miti ikaonekana kama inapumua. Ndani ya mtetemo ule kikatokea kitu chembamba, kikawa dera, kikawa mtoto.

"Ngapi?" Idman aliuliza, akihema.

Bishara akatazama vidole vyake. Vilikuwa vimesimama, hakujua tangu lini.

"Sijui, hooyo. Ulitokea pale kwenye kona mapema mno, nikakuangalia, nikasahau kuhesabu."

Idman akaivaa sare juu ya suruali ileile ya michezo, akaokota begi, akashika njia ya shule akamtafute mwalimu kabla ya adhuhuri, ahakikishe jina lake limo. Alikuwa na muda wa kutosha kutembea. Hakutembea.