Somo Hatumiwi Tiketi

Ndege ilitua Ukunda asubuhi ya Jumatatu, ikageuka mwisho wa uwanja, ikaja kusimama mbele yetu. Rubani wetu, Seth, alifungua mlango. Walishuka wazungu wawili waliobabuka kwa jua la Unguja. Seth akawateremshia masanduku yao, kisha akaufunga mlango.

"Na Biasha yuko wapi?" aliuliza Shangazi Kache.

Alikuwa amesimama kando yangu na buibui lake jipya, ameshika kikuba cha asumini na rihani alichokitunga mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshika kibao cha hoteli chenye jina BI BIASHA kwa herufi kubwa, kama tunavyowafanyia wageni wote.

"Hakuja," alisema Seth. "Pale Tanga nilimngoja mpaka nikachelewa. Mwanawe alifika peke yake, akaniambia mama hasafiri."

Jacktone, dereva wa hoteli, alicheka. "Si nilikuambia, Dama? Wazee na ndege wapi na wapi! Ameogopa huyo."

Sikucheka. Arusi ya rafiki yangu Mwanarusi ilikuwa Ijumaa, na bila Biasha sikujua itakuwaje. Mwanarusi alikuwa amekwisha kuwekwa ndani, nyumbani kwao Msambweni, hatoki wala haonwi na watu wa nje. Biasha alikuwa somo wake, mwanamke aliyemfunda tangu alipovunja ungo, na ndiye wa kumpamba na kumtoa siku ya arusi. Watu wengine huona somo ni mtu wa shughuli tu. Kwa Mwanarusi haikuwa hivyo. Mama yake alifariki akiwa mdogo, na mikono aliyoijua kama ya mama ilikuwa ya Biasha. Kisha Biasha naye akafiwa na mumewe, akahamia Tanga kwa mwanawe. Shangazi yake, Kache, alikuwa amesema kwamba Biasha akikosekana, atatafutwa somo mwingine hapo hapo mtaani. Mwanarusi alipoambiwa hivyo aligeukia ukutani, akakataa chakula.

Mimi ndiye niliyemwahidi. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka uliotangulia na shahada ya jiografia, na hoteli ya Diani ilinipa dawati la safari. Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza wageni njia: basi gani la kwenda Lunga Lunga, feri ya Likoni hupandwaje, boti za Wasini hutoka lini Shimoni. Februari ile ya mwaka 1998 wageni walikuwa wachache kuliko wahudumu, na mvua kubwa zilikuwa zimeikata barabara karibu na mpaka, mabasi ya Tanga yakasimama. Lakini hoteli ilikuwa bado imekodi ndege ndogo. Jumatatu na Alhamisi ilitoka Unguja, ikapita Tanga, ikashuka Mombasa abiria wagongewe pasi, ikaja kulala kwetu. Viti vilikuwa vitupu. Nilimwomba meneja kiti kimoja, akanipa. Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Nilimpigia simu Mwero, mwana wa Biasha, dukani kwake: mama afike tu uwanjani, tiketi ipo.

Tuliporudi hotelini nilimpigia tena, Shangazi Kache akiwa ameketi mbele yangu.

"Mama hajambo," alisema Mwero. "Ila anasema yeye si kifurushi cha kutumwa kwa ndege."

"Anaogopa ndege?"

Mwero alicheka kidogo. "Nimekuambia alilosema, dada yangu. Zaidi ya hapo nitakuwa mtovu wa adabu."

Nilipomweleza Shangazi Kache, aliuweka mkono kifuani. "Kwani nani alikwenda kumchukua?"

"Kumchukua? Mwanawe alitakiwa ampeleke uwanjani."

"Mbithe! Hukumtuma mtu?" Aliniita kwa jina la kikwetu kila alipokuwa na hasira nami. "Mimi nilidhani hiyo ndege yenu ina mtu wake wa kumfuata nyumbani na doti ya kanga. Ndiyo maana nikanyamaza. Somo haitwi, mwanangu. Somo huchukuliwa. Mtu huingia nyumbani kwake, akakaa, akasema alilotumwa, akatoka naye bega kwa bega. Wewe umempelekea tiketi!"

Nilikitazama kile kibao kilicholazwa juu ya meza. Sisi wa hoteli tulijua sana kupokea watu: maji baridi, taulo, majina yao kwa herufi kubwa. Namna ya kumtoa mtu mlangoni kwake hatukufundishwa.

"Nitakwenda mimi," nilisema.

"Wewe?"

"Ndege haitapita tena Tanga mpaka Alhamisi, na barabara haipitiki. Nitapitia baharini. Alhamisi nitarudi naye."

Shangazi Kache alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. Nilijua anachokifikiria, kwa sababu nami nilikifikiria. Mimi ni binti wa Mzee Musyoki, Mkamba wa mashamba ya Shimba Hills, Mkristo, na sikuwahi kuingia chumba alimowekwa mwari. Je, Biasha angeona ametumiwa mtu baki?

"Haya," alisema. "Ukifika usianze na habari za ndege."

Kesho yake, Jumanne, nilipanda basi mpaka njia panda ya Shimoni, kisha pikapu iliyojaa magunia ya barafu. Afisa wa uhamiaji aliniandikia karatasi ya kusafiria huku akiniuliza kama najua kuogelea. "Sijui," nilisema. "Basi shika ubao," alinijibu, akagonga muhuri.

Boti ilikuwa ya injini, imebeba mikungu ya ndizi na wanawake watatu wa Tanga waliokuwa wakirudi kwao. Kaskazi ilikuwa ikituvuma kisogoni, na kila wimbi lilitunyanyua kutoka nyuma, likatuangusha. Nilitapika kabla hatujakipita kisiwa cha Wasini. Mwanamke mmoja alinipa ndimu ninuse.

"Bara wapi wewe?" aliniuliza.

"Shimba Hills."

"Kumbe wa hapa hapa! Mbona unatapika kama mtu wa Nairobi?"

Wote walicheka, nami nikacheka kati ya kutapika. Kifuani nilikuwa nimeikumbatia ile doti ya kanga niliyopewa na Shangazi Kache, nimeifunga ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Nilijiambia nikilowa mimi si kitu, kanga zisilowe.

Mwero, niliyempigia simu kabla ya kuondoka, alinipokea Tanga, akanipeleka kwao. Biasha alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye macho ya kutaka kucheka ambayo siku ile hayakucheka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ukaoge."

Nilioga. Nikapewa kanga kavu, nikaletewa uji wa pilipili manga, kisha wali. Hakuniuliza lolote. Kila nilipofungua mdomo alisema, "Kula." Siku ikaisha hivyo, kukalalwa. Jumatano asubuhi aliketi mkekani kuchambua mchele, nami nikaona nisipozungumza sasa nitarudi mikono mitupu.

Niliyafanya yale yale niliyokatazwa. "Mama, ndege inapita kesho. Ukishapanda, hamna taabu yoyote. Inateremka Mombasa kidogo, halafu Ukunda, halafu gari la hoteli—"

"Mwanangu," alinikatiza bila kuinua uso, "umekuja kunichukua au kuniuzia?"

Masikio yaliniwaka. Kisha nikaiacha habari ya ndege, nikasema tu.

"Mwanarusi hali chakula. Amegeukia ukutani. Shangazi anataka kumletea somo mwingine, naye hataki. Mimi ndiye niliyekosea, kwao hawana kosa. Nilidhani kukurahisishia safari ndiyo heshima."

"Na wewe nani wake?"

"Rafiki yake. Tunafanya kazi pamoja." Nilitaka kuishia hapo, lakini halikuwa jibu. "Mwaka jana, zile siku za fujo, watu wa bara walipokuwa wakifukuzwa, Mwanarusi alinitoa Ukunda usiku amenivisha buibui lake. Nilikaa chumbani mwake Msambweni mpaka kukatulia. Shangazi Kache alikuwa akilala mlangoni. Watu walikuja kuuliza kama kuna mgeni. Akawaambia, 'Hapa hamna mgeni, wote ni wangu.' Kwa hiyo ukiniuliza mimi nani, mama, nimetoka katika nyumba ile. Nimetumwa na nyumba ile."

Nilifungua mifuko ya plastiki, nikaziweka kanga magotini mwake kwa mikono miwili.

Biasha alizishika. Alizikunjua, akazitazama mbele ya mwanga wa dirisha. Chozi moja lilimtoka, akalifuta kwa ncha ya ile kanga mpya.

"Nani kaichagua rangi hii?"

"Shangazi Kache."

"Nilijua. Kache hajui rangi tangu utoto wetu." Alijifunga moja kiunoni, ya pili akajitanda. "Mwero! Nitolee sanduku langu. Nimechukuliwa."

Alhamisi, uwanjani Tanga, Seth alinishika mkono akanivuta kando.

"Dama, kuna shida. Nimeandikiwa kiti kimoja, cha mama. Wageni wamejaa leo, na kiti cha mwisho kina masanduku ya pweza. Meneja ana karamu ya wageni kesho. Mpakie mama, wewe urudi na boti."

Boti ilikuwa inangoja shehena mpaka Jumamosi. Nilimgeukia Biasha, nikamwomba atangulie.

"Niende na nani?"

"Seth atakuangalia. Shangazi atakuwa Ukunda kukupokea."

"Mwanangu, umenitoa nyumbani bega kwa bega, sasa uniache njiani? Nifike mlangoni kwa mwari, niseme aliyenichukua yuko wapi? Yuko Tanga, kiti chake kakalia pweza?" Aliketi juu ya sanduku lake. "Tutarudi nyumbani, tule wali."

Seth aliitazama saa. Wageni walikwisha kufunga mikanda. Nilimfikiria meneja, na wenzetu walioachishwa kazi tangu Krismasi, na barua za maombi nilizoandika miezi na miezi kabla ya kulipata dawati lile. Nilimfikiria Mwanarusi amegeukia ukutani.

"Teremsha masanduku," nilisema.

"Dama, meneja atanila."

"Mwambie ni mimi. Mwambie nimesema mimi, kwa jina langu lote, Damaris Mbithe Musyoki. Pweza atakuja na boti. Mwero, utampakia?"

"Na barafu mpya nitamtia," alisema Mwero, naye akawa amekwisha kushika sanduku la kwanza.

Ndege iliponguruma nilikishika kiti kwa mikono yote miwili. Biasha alinichungulia usoni.

"Unaogopa?"

"Sijawahi kupanda, mama."

"Wewe! Si ndiye unayewauzia watu?"

"Nauza tu."

Alicheka mpaka wageni wakageuka. "Mimi nimekwenda Hija, mwanangu. Dar es Salaam hadi Jidda, ndege kama msikiti wa Ijumaa. Hiki ni kikapu. Nipe mkono."

Nilimpa. Tulipopanda juu niliacha kuogopa, kwa sababu nilisahau. Niliyokuwa nimeyasoma vitabuni yalikuwa chini yangu: mikoko ya Vanga, Wasini imelala kama mtu aliyejinyoosha, mto Ramisi ukimwaga maji mekundu ya udongo mbali baharini, mashamba ya minazi kijani mno baada ya mvua. Niliona mahali barabara ilipokatika, na watu wadogo kama sisimizi wakishindilia mawe. Walikuwa wengi. Nilimwonyesha Biasha.

"Wataimaliza," alisema. "Na Mwanarusi atakuja kwangu kwa basi, na mumewe."

Ukunda, Shangazi Kache alipiga vigelegele kabla mlango haujafunguliwa. Walikumbatiana na Biasha, wakaanza kugombana papo hapo juu ya ile rangi ya kanga. Jacktone alinisogelea.

"Dama, meneja anauliza pweza."

"Mwambie amekosa kiti."

"Ala! Hii ni yako, mimi simo," alisema, lakini alikuwa anacheka, akachukua sanduku la Biasha kichwani kabisa badala ya kulikokota. "Twendeni Msambweni kwanza. Meneja tutamkuta tu."

Nyumbani kwa Mwanarusi ua ulijaa wanawake na moshi wa kuni. Walipompisha Biasha, alinishika kifundo cha mkono, tukapita katikati yao pamoja mpaka mlango wa chumba cha ndani. Pazia lilikuwa limeshushwa.

"Hodi, mwari," alisema Biasha.

Kitanda kililia, kama mtu amegeuka kwa ghafla.

"Nani?" Sauti ya Mwanarusi ilikuwa imekauka.

"Somo wako. Na aliyenichukua."

Mwanarusi alianza kulia na kucheka pamoja. Biasha alivua viatu, akainua pazia. Alininong'oneza niende nikaseme jikoni waandae uji, maana mwari sasa atakula.