Harusi Katikati ya Risasi

Wananchi wa Newala, wa Masasi, na ninyi wa Nanganga mnaopata habari zote za dunia kupitia madirisha ya mabasi: kwa niaba ya Kamati ya Kudumu ya Mapigano ya Bunduki katika Mikanda ya Video, mimi Humphrey, mwenyekiti wake, natangaza kwamba uhalifu mkubwa umetendeka katika wilaya hii, na mhalifu atapatikana hata akijificha kwenye ghala la korosho.

Kamati ilikuwa na mjumbe mmoja, ambaye ni mimi. Tangazo nililisomea kuku wa Mama Fatu, maana wateja walikuwa wamekwisha kuondoka kwa hasira.

Mama Fatu ndiye mwenye banda la video. Serikali iliposema biashara ni ruksa, wenzake walifungua maduka ya mitumba. Yeye alinunua televisheni, deki na jenereta, akazungushia makuti uwanja wa nyuma ya nyumba yake, akapanga mabenchi. Mikanda ilikuja kwa basi kutoka Masasi, kwa mtu aitwaye Emmanuel, aliyekuwa akikodisha mikanda na kupiga video za harusi. Mwendeshaji wa mitambo alikuwa Nurdin, kijana wa Makote, mpole, ambaye mkewe alikuwa na mimba kubwa wakati mambo haya yanatokea.

Mambo yenyewe yalikuwa haya. Stelingi, yaani shujaa wa filamu, amemfukuza adui mpaka kwenye jengo bovu. Muziki umenyamaza. Stelingi anaingiza mkono ndani ya koti. Watu kwenye mabenchi wameacha kutafuna ming'oko, vile viazi pori vya kuchemsha. Bastola inachomoza, na hapo hapo kioo kinatetemeka, inatokea harusi. Mama mmoja mnene wa gauni la njano anacheza huku akipunga leso. Halafu analetwa mbuzi mzima aliyechomwa, amesimamishwa juu ya meza, majani mdomoni, watu wanampigia makofi. Harusi inakatika, tunarudi kwenye filamu, adui ameshakufa na stelingi anafunga kidonda.

Mara ya kwanza watu walicheka mpaka benchi likavunjika. Mara ya pili, kwenye mkanda mwingine, waliguna. Mara ya tatu, Jumanne, walidai kurudishiwa viingilio, na fundi baiskeli Benedikto akauliza kwa sauti kama Mama Fatu ameanza kuonyesha posa za mbuzi.

Jioni hiyo Mama Fatu alimwita Nurdin mbele yangu.

"Mikanda inaingia mikononi mwako ikiwa mizima. Inatoka na mbuzi. Kama hadi Jumamosi sijajua nani anaichezea, utaniachia funguo."

"Sawa, Mama," alisema Nurdin. Sote tulijua maana ya kuachia funguo: kurudi Makote kupalilia mikorosho ya shemeji yake, na mtoto azaliwe huko huko chini ya dari ya mtu mwingine.

Mimi nilikuwa likizo ya Juni kutoka shule ya bweni, kidato cha tatu. Baba alikuwa afisa kilimo aliyehamishiwa Newala, sisi wenyewe ni watu wa Kilimanjaro. Shuleni niliheshimika kwa somo moja ambalo halimo kwenye muhtasari, yaani kuhesabu risasi. Bastola ya risasi sita ikipiga ya saba, mimi husimama na kutoa pingamizi. Kwa hiyo ilikuwa halali kabisa uchunguzi huu uwe chini yangu.

Nilianza na Nurdin mwenyewe. Nilimkuta anafuta plagi ya jenereta kwa kitambaa.

"Kaka Nurdin," nikasema, mikono nyuma, "kabla ya maonyesho ya Jumanne, mkanda ulikuwa wapi?"

Akainua macho polepole. "Unaniuliza wewe?"

"Kamati inauliza."

"Iambie kamati ikajiulize." Akarudi kwenye plagi yake. "Nikisema mkanda ulitoka nje ya banda hili, nimefukuzwa. Nisiposema, nimefukuzwa. Sasa nifute plagi."

Hapa naeleza jambo dogo, kwa ajili ya ukamilifu tu. Mikanda ya Emmanuel hufika ikiwa imeishia mwisho, kwa sababu wanaoikodi kabla yetu hawairudishi nyuma. Kuirudisha kwa jenereta ni kula petroli ya Mama Fatu, naye ameshamwonya Nurdin juu ya petroli. Ameshamwonya pia kwamba mikanda isitoke nje ya banda. Kwetu kulikuwa na umeme wa mradi wa kilimo, na deki mbili, moja ya nyumbani na moja ya kufundishia wakulima kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho. Nurdin alikuwa akiniletea mkanda kwa siri asubuhi, naurudisha nyuma, anaufuata mchana. Wema mtupu.

Mshukiwa wa pili alikuwa katekista Bartholomayo, ambaye vijana wake wa Komunyo walikuwa wakimkimbia na kuja kwenye filamu. Nilimsubiri njiani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Humphrey. Nasikia siku hizi kwenye banda lenu watu wanaoana."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa mji mzima. Na mimi sijachukia. Afadhali waoane kuliko kuuana." Akanitazama kwa muda mrefu kupita mtu asiye na hatia, hivyo nikamwandikia alama mbaya kichwani. Baadaye nilikumbuka kwamba katekista hutazama kila mtu hivyo.

Wa tatu alikuwa Emmanuel wa Masasi. Mama Fatu alimpelekea maneno kwa kondakta, na majibu yakarudi kesho yake kwa kondakta yule yule, aliyeyatoa akiwa ananing'inia mlangoni.

"Anasema harusi hiyo hakupiga yeye. Harusi zote za Masasi anazijua, na hajawahi kuona harusi ya huku mbuzi anapewa kiti cha mbele. Anasema mbuzi wa namna hiyo ni wa watu wa kaskazini. Anasema muulizane vizuri."

Basi likaondoka. Mama Fatu alisimama pale kwenye vumbi akiwaza. Nikamwambia kwamba, kwa uzoefu wangu, wahalifu wa Masasi hupenda kusingizia kaskazini.

"Wewe kwenu ni wapi vile?" akauliza.

"Sisi ni watumishi wa serikali," nikajibu.

Ijumaa akanijia na sura ya ukarimu ambayo ningepaswa kuiogopa. Alisema watu wamemkimbia, anataka kuwarudisha. Atafanya shindano kesho, Jumamosi, saa kumi, kabla ya filamu: kila anayetaka asimame aeleze mapigano ya bunduki yaliyo bora na ya kweli kuliko yote aliyowahi kuyaona. Atakayeshinda ataingia bure hadi msimu wa korosho.

"Na wewe mtaalamu, utasema?"

"Mwenyekiti hashindani," nikasema. Nilijua kunyamaza ni jambo la busara. Nilijua hivyo kuanzia mwanzo.

Saa kumi banda lilijaa. Nurdin alikuwa amesimama karibu na deki, funguo zikiwa tayari mkononi. Benedikto alianza.

"Mimi namchagua yule stelingi anayeteleza kwenye ngazi na bastola mbili. Anapiga mpaka anafika chini, watu ishirini wako chali."

"Alizijaza saa ngapi?" nikauliza kutoka kwenye benchi langu.

"Stelingi hajazi. Zinajijaza."

Watu wakapiga makofi. Nikauma ulimi. Mwingine akataja bunduki iliyoangusha helikopta. Nikauma tena. Halafu akasimama Lois, mama anayeuza ming'oko mlangoni, ambaye huwa anasikiliza filamu nyingi kuliko anazoziona.

"Zote uongo," alisema bila ugomvi. "Sisi tulikulia karibu na mto, wakati wa vita ya ng'ambo. Risasi zikilia unalala kifudifudi, mchanga mdomoni. Husikii vizuri. Mikono haishiki kitu. Baba yangu alishindwa kufungua komeo la mlango wake mwenyewe, mlango aliouchonga yeye. Hawa wa filamu hawaogopi. Mtu asiyeogopa anapigana na nani? Hakuna mkanda wenye mapigano ya kweli, msidanganyane."

Na mimi, ambaye ningeweza kutazama miguu yangu na kunyamaza, nilishindwa. Kwa sababu mkanda huo upo. Nilikuwa nimeutazama mara nyingi peke yangu, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia.

"Upo, Mama Lois," nikasema.

Nikasimama. Nikamweleza yeye tu, nikawasahau wengine wote.

"Ni yule mlinzi mzee wa reli. Anaingia jikoni, adui yuko nyuma ya gunia la viazi, wametenganishwa na meza moja. Hapana muziki. Kuna sufuria la maharage jikoni linachemka. Wanapigana risasi na wote wanakosa, hapo karibu kabisa. Baada ya hapo masikio yamewaziba, kila mmoja anamwambia mwenzake 'nini?' Mzee anataka kujaza bastola, mikono inatetemeka, risasi zinamwagika sakafuni, zinabingirika, anapapasa chini ya kabati. Moja anaiingiza kinyume. Unamsikia anapumua. Na huyo adui naye analia kule nyuma ya gunia, analia kwa sauti, na maharage yanamwagika kwenye moto, shhh, na hakuna anayeweza kwenda kuyaepua."

Lois alikuwa ameweka mkono shavuni. "Hao wameogopa," alisema taratibu. "Hayo ndiyo yenyewe."

Nikaketi. Nilijisikia vizuri kwa muda wa pumzi moja hivi.

"Nurdin," aliita Mama Fatu kutoka nyuma, "mkanda wa mlinzi wa reli tuliuonyesha lini?"

"Jumanne, Mama."

"Mlinzi alipoingia jikoni, tuliona nini?"

Nurdin alitazama chini. "Mbuzi."

"Mbuzi. Na yule mama wa njano. Tulipotoka kwenye harusi, mlinzi alikuwa tayari yuko hospitali. Je, kuna mtu humu aliyeona maharage?"

Hakuna aliyeona maharage. Vichwa viligeuka kimoja kimoja, na nikatambua kuwa benchi langu, lililokuwa limejaa, sasa limebaki na mimi mwisho mmoja.

"Humphrey, mwanangu," alisema Mama Fatu. Hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Sufuria umeliona wapi?"

Nilifungua mdomo nimtaje Emmanuel. Nikamwona Nurdin anazizungusha zile funguo kwenye kidole, akijiandaa kuzitoa, na bado hajanitaja. Angeweza kunitaja tangu Jumanne.

"Nyumbani," nikasema. "Ni mimi. Kaka Nurdin alileta mikanda niirudishe nyuma tu, ili petroli yako isiishe. Mara ya kwanza nilitaka kufuta harusi niweke mapigano, nikageuza waya bila kujua, harusi ikafuta mapigano. Mara ya pili na ya tatu niligeuza waya kwa makusudi. Nilinakili mapigano kwanza niende nayo shule, ndipo nikaweka mbuzi, kwa kuwa ile mara ya kwanza nilicheka sana."

"Na uliponisikia namwambia Nurdin aniachie funguo?"

"Nilisikia."

"Ukafanya nini?"

"Nikaunda kamati."

Benedikto alisema kamati ivunjwe. Hakuna aliyecheka, hata yeye. Mama Fatu alimwambia Nurdin azirudishe funguo mfukoni, habari ya petroli wataizungumza baadaye. Kisha akaja akakaa kwenye benchi langu, akaniegemea kidogo kwa bega lake zito.

"Na yule mama wa gauni la njano, aliyetuharibia Jumanne yetu?"

"Mama mdogo Violet," nikasema. "Mbuzi ni wetu pia. Na mkanda wenye maharage uko kwenye sanduku langu la shule, chini ya kamusi. Naweza kuuleta sasa hivi, Mama Lois akauone."