Upinde wa Kinyozi

Tangu kiharusi kinipige, mkono wangu wa kushoto upo na haupo. Unaning'inia begani, unakunja ngumi ukiambiwa, hata kikombe unabeba. Ila hausikii. Uuwekee barafu, uuwekee kaa la moto, kwake yote mamoja. Na ndani yangu nilikuwa hivyo hivyo. Watu walikuja kunipa pole, wengine wakalia, nami nikawatazama tu nikingoja waage.

Mimi ni kinyozi. Watu hudhani kunyoa ndevu ni kazi ya mkono wa kulia, kwa kuwa ndio ulioshika wembe. Wapi! Wa kulia ni kibarua tu. Wa kushoto ndio unaokaza ngozi na kujua kipele kiko wapi, mfupa uko wapi, mshipa unapiga wapi. Kinyozi asiye na mkono wa kushoto ni mtu mwenye wembe, basi. Kwa hiyo saluni nikaifunga, na wateja wangu, watu niliowanyoa tangu ndevu zao za kwanza, wakahamia kwa mwenzangu ng'ambo ya barabara. Sikuumia hata kidogo. Hilo ndilo lililomtisha mke wangu.

Dada wa mazoezi kule kliniki aliniambia nitafute kazi ya vidole. "Suka mkeka, baba, au finyanga udongo." Mkeka! Lakini wiki hiyo mwenye nyumba aliukata mpera wa uani ili apitishe ukuta, na kwenye simu nilikuwa nimeona mtu akichonga upinde wa mishale. Nikachagua tawi moja nene, lililonyooka, nikaliburuta ndani.

Mke wangu ni fundi wa nguo, cherehani yake iko barazani. Aliponiona alitoa pini mdomoni.

"Baba Watoto, kuna vita wapi?"

"Nachonga upinde."

"Samaki mkunje angali mbichi. Huyu utamkunja ameshakauka?"

"Unausema mti?"

"Namsema mwenye mti."

Sikucheka, ingawa nilijua kwamba hapo ndipo pa kucheka.

Nilipasua tawi kwa shoka na kabari, nikapaka rangi ncha zote mbili lisije likapasuka, nikaliweka juu ya kabati mpaka likakauka kabisa. Kisha nikaanza kukwangua. Kazi yenyewe ni hii: upande wa mgongo, ule uliokuwa chini ya gome, huukati. Unakwangua tumbo tu, upande unaokutazama ukivuta, kwa kisu, halafu kwa kigae cha chupa, mpaka nusu ya juu na nusu ya chini zilingane unene. Ukiacha nusu moja nene, mwenzake atabeba mzigo wote, na siku ya siku upinde unakatikia mkononi mwako.

Yule mtu wa kwenye simu aliutundika upinde wake ukutani, akawa anavuta kamba huku anatazama ni wapi panapokataa kupinda. Mimi nikakataa njia hiyo. Macho yangu hayana kasoro, ya nini kuyajaribu? Nilitaka kuviuliza vidole. Kulia nimeshika kigae, kushoto nabana mti kati ya kidole gumba na cha shahada, nateleza nao kutoka katikati mpaka nchani, vile vile ninavyopapasa shavu la mteja. Nikamwambia mke wangu bila kuzunguka: upinde huu ukipinda sawasawa, Jumatatu itakayofuata nafungua saluni. Ukivunjika, viti na vioo nampa yule wa ng'ambo, na mimi nakaa hapa kufukuza nzi.

"Na shingo za watu je?" akauliza.

"Ndiyo maana naanza na mti."

Nikakwangua asubuhi zote za wiki ile na nyingine. Vidole vikaniambia pande zote mbili ziko sawa. Au mimi ndiye niliyeviambia, Mungu ndiye ajuaye. Mke wangu alipita na ufagio kuondoa maganda, akauokota ule mti, akaupapasa, akaurudisha mahali pake. Mchana nilipojilaza nilisikia cherehani imenyamaza. Nikadhani naye anapumzika, nikageukia ukutani.

Jumamosi nikafunga kamba. Mke wangu alisimama mlangoni kakunja mikono. Nikaushika upinde kwa mkono ule ule uliokufa, nikavuta kidogo, nikaachia. Nikavuta tena, mpaka kidevuni. Ukapinda, juu na chini sawasawa, wala haukulia. Nikaweka mshale niliouchonga kwa kijiti, nikauachia kwenye gunia la vipande vya nguo, ukazama nusu nzima.

"Umeona?" nikamwambia. Kuna kitu kilinisogea kifuani, kidogo tu. Nilikuwa nimeanza kukisahau.

"Nimeona."

"Basi Jumatatu."

Akavuta kigoda akakaa. Akasema, "Baba, ule upinde nimeumaliza mimi."

"Umeumaliza vipi?"

"Nusu ya chini ulikuwa umeiacha nene kama mwiko. Ungekatika ukupige usoni. Ulipokuwa ukilala mchana nilikuwa naukwangua pole pole, nikiupima kwa vidole. Nilikuonea huruma."

"Sasa si ungeendelea kunyamaza?"

"Ingekuwa mti tu, ningenyamaza mpaka kaburini. Lakini Jumatatu utashika shingo ya mtoto wa mtu. Mtoto akililia wembe mpe, ndiyo, akijikata atajifunza. Wewe hutajikata wewe, mume wangu. Utamkata mwenzio."

Nilitaka kukasirika. Niliisubiri hasira pale uani kwa muda mrefu, isije. Nikafungua kamba ya upinde, nikaenda kulala na viatu.

Jumatatu nikafungua saluni. Mke wangu alinifuata nyuma mbio, kanga begani, akidhani nimerukwa na akili. Nilipangusa kioo, nikachemsha maji, nikabadilisha wembe. Halafu nikakaa mimi kwenye kiti cha wateja, nikajipaka povu, nikamnyooshea wembe.

"Ninyoe."

"Mimi? We mzee, una wazimu!"

"Kaza ngozi kwa mkono wa kushoto. Utakachokisikia huko ndicho utakachokifuata kwa kulia. Vidole unavyo, si umenionyesha?"

Akasema maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele za watu, kisha akaanza. Shavu langu la kushoto nalo lilikufa siku ile ile ya kiharusi, kwa hiyo alipolinyoa nilimwona kwenye kioo tu: vidole vyake vinatembea usoni kwangu, na mimi simo. Akamaliza, akafuta wembe, akavuka kidevu kuja upande wa kulia.

Nikavisikia. Vina joto, na ncha zake ni ngumu kwa sababu ya sindano. Vilikaza ngozi, vikasita kwenye mfupa, vikatafuta mshipa, vikaupata, vikauzunguka, hivyo hivyo nilivyokuwa nikifanya mimi maisha yangu yote na sitafanya tena. Ikaniuma. Ikaniuma mpaka machozi yakateremka kwenye povu.

Akarusha mkono nyuma. "Maskini! Nimekukata?"

"Hujanikata."

"Sasa unalia nini?"

"Endelea tu," nikamwambia. "Hapo kwenye koo, punguza mkono."